Maji Yapandayo Mlima: Siku ya Majaribio Huko Newala

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kuketi sebuleni na watoto siku ya Jumapili, televisheni ikionyesha vile vigari vya reli vilivyomo katika viwanja vya burudani vya Ulaya na Marekani. Vigari hivyo huvutwa polepole hadi kilele cha mlima wa chuma, hutulia kitambo kidogo, kisha huporomoka kwa kasi huku abiria wakipiga mayowe ya hofu na furaha kwa pamoja. Jumapili moja nyumbani kwangu, Dar es Salaam, tulionyeshwa vigari vya namna hiyo vikikimbia bila mtu hata mmoja. Juu ya viti vyake yalifungwa masanamu ya plastiki yaliyojazwa maji ili yapate uzito wa watu. Uwanja ulikuwa haujafunguliwa. Mafundi walikuwa wakifanya majaribio, na nje ya uzio watu walikuwa wamekwisha kusanyika, shingo wamezinyoosha, wakihesabu siku.

Kitinda mimba wangu akauliza, "Baba, mbona hawawaachi watu wapande? Mbona vinakwenda vizuri?"

Nilimjibu kwa mkato kwamba mafundi hawajaridhika. Naye hakuridhika na jibu langu. Sikuwa na jibu lililo bora, mpaka Oktoba iliyofuata nilipokwenda uwanda wa juu wa Makonde, nikashuhudia umati wa watu ukisubiri jaribio la aina nyingine, ambalo kwao halikuwa mchezo hata kidogo. Safari hiyo ndiyo nitakayo kukusimulia leo.

Kwanza, lipo jambo moja la kubeba njiani. Vigari vile kwa kawaida havina injini. Mmarekani LaMarcus Thompson alipofungua njia yake pale Coney Island, New York, mwaka 1884, watu walilipa senti 5 ili waporomoke kwa mwendo wa kilometa 10 hivi kwa saa, mwendo ambao mwendesha baiskeli wa Kariakoo angeucheka. Siri yake ni ile ile hata leo: kitu kizito hupandishwa juu kwa nguvu, kisha huachwa kishuke kwa uzito wake chenyewe. Kazi yote imo katika kupanda. Shika neno hilo, msomaji, tutalirudia tukifika Newala.

NJIA YA KUSINI

Atokaye Dar es Salaam kwenda Masasi siku hizi hana budi kuwashukuru waliojenga. Wazee wa Kusini hawajasahau zama ambazo mvua zikianza barabara ilikatika, na Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, magari yakilala foleni ukingoni. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 hivi, lilifunguliwa mwaka 2003, na leo msafiri aliyelala usingizi huvuka Rufiji asijue kwamba amevuka.

Basi hupita Kibiti na Somanga, hushuka hadi Lindi penye bahari, kisha hufika njia panda ya Mnazi Mmoja. Hapo waendao Mtwara huendelea na njia yao, nasi wa Masasi tukageukia magharibi, tukalifuata bonde la Mto Lukuledi.

Ukifika huko tupa macho kushoto. Utaona ukuta mrefu wa mlima, wenye rangi ya kijani iliyoiva, ukikusindikiza saa nzima na zaidi bila ya kukatika. Hiyo ndiyo kingo ya kaskazini ya uwanda wa Makonde. Chini ya ukuta huo ipo Ndanda, penye misheni ya Wabenediktini na hospitali ijulikanayo kote Kusini. Pale Ndanda chemchemi hububujika kutoka ubavuni mwa mlima, maji safi na baridi. Yatazame vizuri maji hayo: yanatoka ubavuni na chini. Kileleni hayapo.

MASASI PENYE MAJABALI

Masasi hujitambulisha kwa mawe. Majabali makubwa yamesimama katikati ya tambarare kama tembo waliolala, na mji umejipenyeza miguuni pao. Nilifika msimu wa korosho ukiwa umechanganya. Magunia yalipangwa barazani, malori yalikwaruzana kwenye lango la ghala, na kila meza ya chai ilikuwa na mazungumzo mamoja tu: bei ya mnada.

Mji huu una historia ndefu kuliko wageni wengi wanavyodhani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika vitabu vya sarufi ya Kiswahili, aliwaleta hapa kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi na misheni. Vita vya Majimaji vilipofika hapa mwaka 1905, misheni hiyo ilichomwa moto. Kijiji cha Lupaso, alikozaliwa Rais Benjamin William Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa mwaka 2020, kiko wilaya hii hii.

Lakini habari iliyonikaa moyoni pale Masasi ni ile ya jirani zao wa Nachingwea, upande wa kaskazini. Mzee mmoja niliyeketi naye barazani aliniambia kwamba utotoni mwake Masasi ilikuwa na treni. Nilidhani ananitania. Kumbe ni kweli tupu.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa watu watatu kuja kutazama ardhi ya kulimia karanga. Ujumbe huo ulizunguka kwa majuma 9, sehemu kubwa ya nchi ukiitazama kutoka ndani ya ndege. Mwaka uliofuata ukaanza mpango wa kulima ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa. Bandari ikachimbwa Mtwara. Reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea, na baadaye tawi lake likafika Masasi. Vyote vilikuwa tayari kuipokea karanga, ila karanga yenyewe haikuja. Mvua haikunyesha kama ilivyotarajiwa, visiki vilivunja majembe, na Januari 1951 wakubwa wa London walikiri kwamba mpango umeshindwa. Hasara ilikuwa pauni zipatazo milioni 36. Reli ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa.

"Pesa walikuwa nazo," alisema mzee yule, "na mashine walikuwa nazo. Walichokosa ni subira ya kulima kwanza kishamba kidogo, waone."

KUPANDA UWANDANI

Kesho yake alfajiri nilipanda basi dogo la Newala. Barabara ya kilometa 160 kutoka Mnivata, kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi, ilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika mwaka 2021 ili itiwe lami, na wasafiri hawana mazungumzo matamu kuliko hayo. Kwa muda mrefu njia hii ilikuwa ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika.

Mwanzoni njia ni tambarare, mikorosho kulia na mikorosho kushoto. Kisha mlima husimama mbele yako ghafla. Dereva alipunguza gia, injini ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, na abiria waliokuwa wakibishana habari za mpira wakanyamaza mmoja mmoja. Mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele yangu ndiye pekee aliyefurahi. Kila kona basi lilipoinama alicheka na kupiga makofi. Mama yake alikuwa amefumba macho. Nikawakumbuka wale wanaolipa fedha zao huko ughaibuni ili waipate hofu ambayo mama huyu aliipata bila ya kuitafuta.

Tulipofika juu, hewa ilibadilika. Upepo ulikuwa mwepesi na wa baridi, kwa kuwa Newala imekaa juu sana kuliko tambarare ya Masasi. Ardhi ni ya mchanga mwekundu. Mihogo, mbaazi na mikorosho imestawi. Ila kuna kitu kimoja nilikikosa, na sikukitambua mara moja. Tangu tulipoipita kingo mpaka tulipoingia mjini hatukuvuka daraja hata moja. Hapakuwa na mto wala kijito wala dimbwi.

Sababu ni mchanga huo huo. Mvua hunyesha vizuri uwandani, lakini ardhi huinywa papo hapo kama chujio. Maji huzama chini sana, na hutokeza tena mabondeni na ubavuni mwa mlima, mamia ya mita chini ya nyumba za watu. Yaani, ndugu msomaji, wenyeji wa uwanda wameketi juu ya tangi kubwa la maji wasiloweza kulifikia.

Utauliza kwa nini basi wakaishi juu. Wataalamu hukumbusha hatari za karne ya kumi na tisa, wavamizi na wateka watumwa waliopita mabondeni, na vichaka vizito vya uwandani vilivyokuwa boma la asili. Simulizi la kale la Wamakonde lina jibu lake. Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza aliyekaa peke yake porini alichonga mti akapata sura ya mwanamke, na sura ile ikawa mke hai. Walizaa mtoto karibu na mto, akafa. Wakapanda kidogo wakazaa tena, naye akafa. Mara ya tatu walipopanda juu kabisa kwenye uwanda, mtoto akaishi. Tangu hapo ikawa wasia: kaeni juu, mbali na mito. Yamkini katika simulizi hilo mna ujuzi wa kale kuhusu mbu na homa za mabondeni. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, naye aliyaandika mambo haya, akistaajabia watu waliochagua kuishi mbali hivyo na maji.

SHIMO LA MUNGU

Mgeni wa Newala huulizwa kwanza kama amekwisha kuona Shimo la Mungu. Nilipelekwa jioni. Njia inapita kati ya nyumba na mikorosho, na huoni dalili yoyote, mpaka ardhi inapokwisha ghafla mbele ya viatu vyako. Uwanda umekatwa kama mkate. Chini, mbali sana, bonde limetandaza misitu yake ya rangi ya buluu, na Mto Ruvuma unang'aa kama uzi. Ng'ambo ni Msumbiji.

Nilishika mti. Sikuona haya kuushika.

Kijana aliyenisindikiza alisema angependa siku moja pawe na uwanja wa watalii, na bembea kubwa, na kamba ya kumtelezesha mtu juu ya bonde. Ni ndoto nzuri, na mahali panaistahili. Pembeni yetu alikuwapo bibi mmoja aliyepita na kuni zake. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika marahaba, akatua mzigo apumzike. Alipoambiwa ninastaajabia mteremko, alicheka sana.

"Sisi tulikuwa tukishuka kila siku, mjukuu wangu," alisema. "Siyo hapa penyewe, pana njia zake. Jogoo wa kwanza akiwika tumekwisha kuondoka na mitungi. Kushuka ulikuwa mchezo. Sisi wasichana tulikimbia na kucheka, mmoja akamsukuma mwenziwe. Chini tunapanga foleni, kisima kinatoa kidogo kidogo. Halafu kupanda. Huko hakuna aliyecheka. Ukijikwaa mtungi ukavunjika, siku yako nzima imemwagika."

Bibi huyo ndiye aliyenialika kijijini kwake siku ya pili. "Njoo uone," alisema. "Wanajaribu bomba."

MAJI YANAVYOPANDA

Kabla hatujafika kijijini, inafaa nikueleze jinsi maji yanavyofika uwandani, kwa maana hayafiki kwa miujiza. Jitihada za kuyapandisha kwa mitambo zilianza miaka ya 1950. Katika miaka ya 1970, taifa lilipojiwekea lengo la maji karibu na kila kaya, Finland ilianza kusaidia miradi ya maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Mitambo ilisukuma, ikachakaa, ikatengenezwa, ikachakaa tena. Juni 2022 serikali ilitia saini mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo kutoka India wa dola milioni 500, na uwanda wa Makonde ukawa miongoni mwa maeneo yaliyoingizwa.

Kanuni ya kazi ni moja tangu mwanzo. Maji huchukuliwa bondeni, kama vile bonde la Kitangari, pampu huyasukuma hadi tangi lililojengwa mahali palipo juu kabisa, na kutoka hapo huteremka yenyewe hadi vijijini kwa uzito wake. Umeona, msomaji? Ni kanuni ile ile ya vigari vya Coney Island. Kazi yote imo katika kupanda.

Lakini uzito huo una nguvu ya kutisha. Kila mita 10 za kimo huongeza karibu kilo 1 ya msukumo juu ya kila sentimita moja ya mraba ya bomba. Mlima wa mita 300 maana yake ni kilo 30 zinazosukuma juu ya kila ukucha wa bomba lililo bondeni, usiku na mchana. Ungio likiwa dhaifu halitasema siku hiyo. Litasema baadaye, chini ya ardhi, mahali asipopita mtu.

Kwa sababu hiyo mafundi hujaribu. Bomba hujazwa maji taratibu ili hewa itoke. Koki hufungwa pande zote. Kisha maji hushindiliwa ndani mpaka nguvu yake iizidi ile itakayotumika siku za kawaida, na fundi huketi akiitazama geji. Mshale ukikaa, bomba ni zima. Mshale ukishuka, kuna mahali panapovuja. Wakati huo wote mtaro huachwa wazi penye maungio, ili yaonekane.

SIKU YA KWANZA

Bomba nililokwenda kuliona lilikuwa tawi dogo tu, la kulisha kijiji kimoja, ambacho sitakitaja jina kwa kuwa watu wake hawakuniomba niwatangaze. Kituo cha kuchotea maji kilikuwa kimekwisha kujengwa, chenye mabomba manne na sakafu mpya ya saruji.

Nilifika saa 2 asubuhi nikakuta ndoo zimekwisha kujipanga, za plastiki na za bati, nyekundu, buluu na kijani, safu iliyopinda hadi chini ya mwembe. Wenyewe walikaa kivulini. Wanaume walikuwa wamesimama kando kana kwamba habari haiwahusu, lakini hakuna aliyeondoka. Watoto wa shule walipita wakielekea darasani, nikahisi kwamba wengine hawakufika huko. Ngoma mbili ziliegemezwa ukutani.

Wakati wa mvua, kijiji hiki huishi kwa maji ya paa. Karibu kila nyumba yenye bati ina shimo la saruji ubavuni, maji ya mvua yakiongozwa humo kwa mifereji. Oktoba mashimo hayo hubaki na tope. Ndoo moja ya maji huletwa kwa baiskeli na kununuliwa kwa bei ambayo wewe wa mjini ungeandika barua gazetini kuilalamikia. Mjukuu wa bibi yangu, msichana wa darasa la sita, alikuwa akikosa vipindi vya asubuhi mara mbili kwa juma kwa ajili ya maji. Hilo ndilo lililokuwa likisubiriwa pale chini ya mwembe.

Saa 4 fundi alifungua bomba moja ili hewa itoke. Lilikohoa. Likapiga mluzi mrefu. Watu wakasimama kama waliosikia wimbo wa taifa. Bomba likatema povu, kisha maji mekundu, kisha maji yenye rangi ya chai, na vigelegele vikapasua anga. Ngoma moja ikaanza kulia. Mama mmoja alikinga kiganja akajipaka usoni.

Ndipo fundi akalifunga.

Kelele zilikoma ghafla. Fundi, kijana asiyezidi miaka 30, aliunganisha pampu yake ndogo ya mkono, akaanza kushindilia, akaketi juu ya kopo mbele ya geji. Ilipita nusu saa. Tulikuwa tukimtazama yeye, naye akiutazama mshale. Kisha aliinuka.

"Wazee wangu, mama zangu, shikamooni," alisema. "Mshale unashuka. Kuna mahali panavuja. Leo sifungui."

Nimeshuhudia mikutano mingi, msomaji, ila sijapata kusikia mguno kama ule. Kijana mmoja alipaza sauti kwamba maji tumeyaona kwa macho yetu, yanatoka, sasa yanafungwa kwa nini? Mwingine alisema viongozi wamekwisha kualikwa siku ya Jumamosi. Mama mmoja alisema tu, "Tujaze hata ndoo moja moja, baba." Hilo ndilo lililomshinda fundi kulijibu. Aliinamisha kichwa.

Aliyejibu ni mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi. Alisimama kwa mkongojo wake akasema: "Ninyi mnakumbuka bomba la ndugu zetu wa bonde la pili. Lilifunguliwa kwa utepe na ngoma, tukala wali. Lilitoa maji juma moja. Mpaka leo mbuzi wanajikuna pale. Nani kati yenu aliuliza kama lilijaribiwa? Mimi sikuuliza. Mwacheni kijana atafute."

Basi wakamwacha. Na zaidi ya kumwacha, walimsaidia. Waligawana mtaro, watu wawili wawili, kila jozi na sehemu yake, wakatembea wameinama wakitazama kila ungio. Saa 9 alasiri kelele zilisikika kutoka kwenye mteremko wa mbali. Mchanga ulikuwa na doa la unyevu, dogo mno, lisilozidi sahani ya chai. Fundi alipiga magoti, akalifungua ungio, akatuonyesha pete ya mpira iliyokaa upande. Jiwe dogo lilikuwa limebanwa chini yake.

Jiwe la ukubwa wa punje ya mbaazi, msomaji. Kama mtaro ungefukiwa siku ile, punje hiyo ingeendelea kula mchanga taratibu, na baada ya miezi michache bomba lingepasuka chini ya ardhi. Ndoo zingerudi kwenye baiskeli, na watu wangesema mradi umekufa wasijue umeuawa na nini.

SIKU YA TATU

Ungio lilirekebishwa jioni ile ile. Kesho yake fundi alishindilia tena, na mshale haukutingishika mpaka jua lilipozama. Kisha akatia dawa ya kuua vijidudu, akaiacha ilale bombani usiku kucha. Hakuna aliyenung'unika tena. Kijana aliyepaza sauti siku ya kwanza sasa ndiye aliyewafukuza watoto waliotaka kuchezea koki, na aliwaeleza kwa kirefu habari za presha kama mtu aliyezaliwa nazo.

Siku ya tatu asubuhi, dawa ilipokwisha kusafishwa, mabomba yote manne yalifunguliwa. Hapakuwa na utepe. Huo ulikuwa ukingoja Jumamosi. Hapakuwa na kiongozi isipokuwa wale wale wa kijiji. Wakapanga kwamba wanaoanza kuchota ni wanawake wazee waliopata kushuka bondeni na mitungi.

Bibi yangu alikuwa wa nne. Alikinga ndoo yake, akayatazama maji yakijaa bila ya kusema neno. Ilipojaa alichota kwa kikombe, akanywa polepole.

"Yana dawa kidogo," alisema. Kisha akageuka nyuma, kuelekea bondeni, akayatazama mabega yake. "Yamepanda yenyewe leo."

Mjukuu wake alimtwisha ndoo, na saa moja kasorobo nilimwona msichana yule yule, sare imenyooka, akikimbia kuelekea shuleni na madaftari mkononi.

NENO KWAKO

Niliporudi Dar es Salaam nilimwita kitinda mimba wangu nikamsimulia habari hizi zote. Nilimwambia kwamba siku ya ufunguzi ni ya wageni, lakini siku ya jaribio ni ya wale watakaobaki. Vigari vya mchezo hujaribiwa kwa masanamu ya maji ili mtoto wa watu asidondoke. Bomba la Newala hujaribiwa ili mtoto wa watu asirudi bondeni.

Alifikiri kidogo, akauliza, "Na lile jiwe, baba, walilitupa?"

Hawakulitupa. Nilipoondoka, mzee wa mkongojo alikuwa amelifunga katika pindo la shuka yake. Alisema ataonyesha Jumamosi, wageni wakija.

Nawe, ndugu msomaji, ukijaliwa likizo, wapeleke watoto Masasi wakaone majabali, na Newala wakasimame kwenye Shimo la Mungu huku umewashika mkono. Nenda Oktoba, korosho zikiwa mbichi na upepo ukiwa mtamu. Na jioni hii, kabla hujalala, hebu pita jikoni ukaze lile bomba linalodondoka tone tone tangu mwezi jana.